Moto wa Kuombana

Enzi hizo za Mwingereza, Kitwana alipanda basi la Ikungi na katoni ya viberiti vya dukani kwake magotini. Masikio yake, kama kawaida, hayakuwa na adabu.

“Shikamoo, bibi. Moyo bado unakwenda mbio?” dresa wa zahanati alimwuliza ajuza aliyeketi mbele yake.

“Marahaba. Bado.”

“Si nilikukataza kukoka moto ndani? Moshi ule unaingia hadi kwenye damu, unauchosha moyo.”

“Nikiuzima, majirani wakija kuomba moto wataupata wapi?”

“Leo amekuja nani?”

Bibi akageukia dirishani. “Tangu viingie viberiti, hakuna. Lakini viberiti huisha, mwanangu. Vikiisha, watabisha hodi.”

Basi likasimama Ikungi. Kitwana akavuta upindo wa kanzu, akaifunika katoni.