Kijumba cha Bwana Kinakunywa Petroli

Benchi langu la kahawa liko Kibiti, pale barabara inapochepuka kwenda kivukoni. Ni moja tu, la mbao za masanduku, anayechelewa anachuchumaa. Mimi Nassibu nauza kahawa, na simpendi mtu anayeshika kikombe kimoja tangu alasiri mpaka magharibi huku ananifundisha mambo ya dunia. Lakini wateja wangu ndio hao. Yupo Keya, aliyekwenda vita vya Bama kupigana na Wajapani akarudi na koti moja na maneno mengi. Yupo Muhidini, tunamwita Boriti, mkata mikandaa, miti ya mikokoni, wa Mbwera kule visiwani, aliyefuata mke huku bara. Yupo Sadala, tunamwita Kadhi, maana hawezi kusikia watu wawili wakizungumza asitoe hukumu. Na siku hiyo alikuwepo Mshamu, dereva wa Bwana Mpima, amekaa ncha ya benchi na kikombe mkononi, hanywi.

Habari yake ilikuwa imeshazagaa. Bwana Mpima ni yule Mwingereza aliyeletwa kupima maji ya mto. Ana Landrova, na nyuma yake hufungwa tela lililojengwa kama nyumba, lina kitanda, meza na dirisha la pazia. Sisi tuliliita kijumba. Bwana akienda Mohoro hushuka kwa motaboti kupitia visiwani, na Mshamu huzunguka kwa barabara akikokota kijumba kitupu. Safari hii gari liliishiwa petroli njiani, na Bwana akalala Mohoro bila kitanda. Walipokutana, Bwana alitumbukiza ufito kwenye tangi, ukatoka mkavu. Akasema petroli imeuzwa. Kesho asubuhi Mshamu alitakiwa kujibu mbele ya bwana shauri wa wilaya, na akishindwa ni jela.

— Tuanze mwanzo, akasema Kadhi. Gari peke yake likienda Mohoro, petroli inatosha?

— Inatosha na kubaki, akajibu Mshamu.

— Na likikokota kijumba?

— Linakunywa karibu mara mbili. Kwenye mchanga ule wa kivukoni nakwenda gia ya kwanza mwanzo mwisho, injini inalia mpaka naionea huruma.

— Bwana ulimwambia?

— Nilimwambia. Akakifungua kijumba, akakisukuma kwa mikono yake pale uwanjani. Kikaenda. Akaniuliza, kitu ninachokisukuma mimi mzee kinalishindaje gari? Nikakifunga tena.

Keya akajiweka sawa ndani ya koti lake. Nikajua Bama inakuja.

— Bama tulikokota mizinga, bwana. Nikwambie kitu ambacho Bwana wako hakijui. Gari likijua linafuatwa, linaogopa. Likiogopa linakunywa.

— Gari linaogopa, Keya? akauliza Mshamu.

— Wewe ukifuatwa njia nzima na kitu cha ukubwa wako, koo halikukauki?

— Si woga, akasema Kadhi. Kijumba kina jiko. Jiko linataka mafuta, na mafuta linayapata wapi? Lazima kuna mrija unaopita chini kwa chini mpaka kwenye tangi.

— Jiko lile ni la mafuta ya taa, akasema Mshamu. Mrija haupo.

— Umeingia chini ya kijumba ukatazama?

— Ndipo ninapolala, Kadhi. Safari zote nalala chini yake.

Hapo Kadhi akaomba kahawa. Nikammiminia. Mshamu akatazama kikombe chake, kisha akasema kwa sauti ndogo:

— Ni mizigo, jamani. Mnajua ni mizigo.

Tulikuwa tunajua. Kwetu mtu mwenye chombo kinachokwenda mahali hakatai mzigo wa jirani. Ukikataa leo, siku ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Mshamu hajapata kukataa. Safari hii Keya alipakia magunia ya mpunga kwa ajili ya harusi ya dada yake kule Mohoro. Boriti alimfungia boriti za mikandaa chini ya kijumba, za nyumba ya mkwewe. Na Kadhi alimpandisha mama mkwe wake mzima, na kinu chake, akakaa juu ya kitanda cha Bwana akichungulia dirishani kama bibi harusi. Bwana alipofika kwenye gari, vyote vilikuwa vimeshachukuliwa na wenyewe.

— Mizigo haihusiki, akasema Boriti. Nilikwambia siku ile tunapakia, na leo nakwambia tena. Kwetu Mbwera mtumbwi unaovutwa nyuma unaujaza mpaka maji yaguse ukingo, na wa mbele mwenye kafi wala hana habari. Maji ndiyo yanabeba. Sasa kijumba kina magurudumu yake mwenyewe. Ardhi ndiyo inabeba. Gari kazi yake kuonyesha njia tu.

— Mbwera hakuna mchanga, Boriti, akasema Mshamu.

— Mchanga nao ni maji, yamekauka.

— Ulinihakikishia, akasema Mshamu. Nilikuuliza, gari halitalemewa? Ukaniapia. Nikaona wewe mtu wa vyombo, unajua.

Boriti alikuna goti. Kadhi akaingilia haraka, kwa sababu anaona aibu ya mwenzake kuliko ya kwake.

— Mimi sikutaka kulisema hili. Lakini mama mkwe alinieleza kwa kinywa chake. Pantoni ya kivukoni ilipofika katikati ya mto, kijumba kililia. Nyumba ile haijasomewa, haijafukizwa ubani, na imevushwa mto mkubwa kama ule. Kuna kitu kilipanda. Na kitu cha majini kikipanda nchi kavu, kiu yake unaijua?

— Zililia boriti, akasema Mshamu. Zilikuwa zinasagana.

— Wewe ulikuwa mbele, ungesikiaje?

— Atafutwe mwalimu wa madrasa usiku huu, akasema Keya, alisomee na tangi.

— Kwa hiyo kesho nimwambie bwana shauri petroli imenywewa na jini?

— Umwambie kwa heshima lakini, akasema Kadhi. Umsalimie kwanza.

Nilicheka, nikajuta papo hapo. Kahawa ilikuwa imemmwagikia Mshamu suruali ya kazi na hana habari. Mtu mzima huyo, namjua tangu anaosha magari ya Wahindi.

— Naogopa, akasema. Nawaambieni kweli. Haruni aliyeendesha kabla yangu alifungwa kwa petroli hii hii. Aliapa kwa msahafu hakuuza. Na hapa hapa kwenye benchi tulimwita mwizi. Nani hakumpa mzigo Haruni?

— Ya Haruni yamekwisha, akasema Kadhi.

— Yamekwisha kwako. Yeye bado yuko ndani.

Keya alianza kueleza kwamba petroli za siku hizi zinachanganywa na maji zikiwa bado melini, akaendelea mpaka akaona hakuna anayemsikiliza. Boriti akasema labda ni upepo, kijumba kina kifua kipana, upepo wa kusi ukikipiga usoni gari linakuwa linasukumana na kusi yote. Kadhi akamwambia upepo hauna uzito. Wakabishana hapo kwa kushikana mikono ya kanzu, na nadhani walifurahi kupata kitu cha kubishania.

Ndipo akaja Zabibu, mke wa Mshamu. Benchini pangu wanawake hawasimami, lakini yeye alisimama, mbali kidogo, kanga ameibana chini ya kidevu.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji. Karibu. Tunamtafutia mumeo maneno ya kesho.

— Nimeyasikia tangu dukani kwa Tabu, hapo jirani. Woga wa gari, jini, upepo. Mimi gari sijui. Lakini mizigo naijua, niliiona ikipakiwa. Nauliza tu. Kesho asubuhi, mmoja wenu atakwenda naye aseme, bwana, gunia lile lilikuwa langu?

Keya alifunga kifungo cha koti, akakifungua. Boriti alitazama chini. Boriti zile zilikatwa bila kibali na wote tunalijua hilo. Kadhi, mtu wa hukumu, alikuwa ameshika kikombe kitupu na anakinywa.

Zabibu alingoja. Alingoja kwa adabu kabisa, kama mtu aliyebisha hodi na anasikia watu ndani.

— Waache, akasema Mshamu. Alisimama, akaniwekea kikombe juu ya meza, hajaonja hata funda. Waache, mama. Ni majirani. Twende ukanipigie pasi shati.

Wakaondoka, yeye mbele na mkewe nyuma. Pale benchini hakuna aliyeniomba kahawa tena, na birika lilikuwa halijapungua hata nusu.