Daktari Taratibu na Bega la Fundi Cherehani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, daktari wetu bingwa wa upasuaji wa kifua anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sote wa chumba cha upasuaji tunamwita Daktari Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilotuambia kila tulipoharakisha kumpa mkasi.

Alipoanza, saratani ya pafu ilitolewa kwa mkato mrefu ubavuni, mbavu zikatanuliwa kwa chuma. Alikuwa hodari mno. Kamera ndogo za kuingizwa kifuani kupitia tundu zilipokuja, alialikwa kujifunza, akacheka: "Mimi nipasue kwa kuchungulia, kama jirani mmbea?" Akaendelea na mkato wake miaka mingi.

Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani. Uvimbe ulitoka wote. Lakini chuma kilikuwa kimebana mshipa wa fahamu kati ya mbavu, na maumivu yakagoma kuisha. Aliporudi kliniki alisema, "Daktari, nimepona, ila bega halinyanyuki. Cherehani nimeuza."

Tuliokuwapo tuliona utani ukimkauka daktari mdomoni.

Alikwenda kujifunza akiwa na mvi, akisimama nyuma ya vijana aliowafundisha mwenyewe. Alirudi akipasua kwa matundu matatu, baadaye kwa tundu moja tu, mbele ya kifua ambako nafasi kati ya mbavu ni pana, bila kuzitanua. Mrija wa kutolea maji na hewa kifuani akawa anautoa mapema. Wagonjwa wakaanza kukohoa bila kulia, na kesho yake wakazunguka wodini wakilalamika chai haina sukari. Sisi tulicheka. Yeye aliwatazama tu.

Wiki iliyopita yule fundi alikuja kupimwa. Mapafu safi. Daktari akamsaidia kuvaa sweta, akitanguliza mkono mbovu.

"Mama, ningejifunza mapema, leo ungekuwa unashona."

Mama hakumfariji. "Ndiyo," alisema, "ningekuwa nashona." Kisha akasogea ili afungwe vifungo, na daktari akavifunga kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

Daktari, asante kwa mikono yako. Tunasikitika unaondoka wakati ndiyo kwanza tumeizoea njia uliyotuletea. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu za dharura, na moyo utakaokubali siku moja kujisamehe. Nenda salama, mzee wetu.