Mwalimu Kwani Anaondoka na Somo Lake

Tarehe thelathini ya mwezi huu mwalimu wetu wa falsafa anastaafu, baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Kwani, maana ukimwambia jambo lolote anakuuliza "Kwani?", na siku hizi hata mwalimu mkuu akijisahau anamwita hivyo hivyo. Kijitabu hiki cha sherehe kwa kawaida huandikwa na walimu. Safari hii kila aliyeombwa alisema muulizeni mama wa chai, ndiye anayemjua. Haya, mama wa chai ni mimi. Nina miaka ishirini na nane katika jiko la walimu, na chai yake naijua: haina sukari, na lazima ipoe kwanza kwa sababu anaongea. Karani amenipigia chapa lakini maneno ni yangu, na akipunguza hata moja nitajua.

Alikuja kijana mwembamba, shati limemkaa kama limeanikwa kwenye kamba. Aliajiriwa kufundisha historia. Somo la falsafa halikuwepo. Wanaokumbuka wanasema alimsumbua mwalimu mkuu wa zamani, mama mmoja mkali ambaye hata nzi walikuwa wakiingia ofisini kwake kwa adabu, mpaka yule mama akachoka akampa chumba cha mwisho kwenye korido, kile kilichojaa viti vibovu, na wanafunzi watano. Wenzake walimcheka. Mwalimu wa hesabu alisema hao watano watakufa njaa huku wakijua sababu yake.

Hawakufa. Mmoja ni muuguzi mkuu, mwingine ni fundi wa friji, na huyo fundi akija kututengenezea friji letu anakaa kwanza anatusikiliza wote tunavyolalamika ndipo atoe bisibisi. Anasema alifundishwa kwenye chumba cha mwisho kwamba usifungue kitu kabla hujajua swali ni nini. Mwaka uliokuwa na wanafunzi wengi walifika thelathini na wanane, wengine wamekaa dirishani, na kombe la mdahalo mnaloliona ofisini ni lao, ingawa mwalimu wa michezo analiweka karibu na ya kwake ili wageni wachanganyikiwe.

Watu wanadhani falsafa ni maneno makubwa. Nilivyoiona mimi, ni mtoto wa miaka kumi na saba anaulizwa kitu ambacho akikiuliza nyumbani mtu mzima angemwambia nyamaza ukanawe mikono. Kumdanganya mgonjwa ili asiogope, ni vibaya? Mtu akitenda wema ili asifiwe, ule ni wema? Wiki nzima wanatafuna hilo moja. Unawakuta bombani wanabishana, ndoo imejaa, maji yanamwagika, na hakuna anayeona.

Kuna mwaka aliwapa swali: unajuaje sasa hivi kwamba uko macho? Wakatoka kwenda kuwauliza watu. Walipofika kwa askari wa getini, mzee wa watu akaona anatuhumiwa kulala kazini. Alikwenda ofisini kushtaki darasa zima, na barua ya kujitetea ameiandika kurasa mbili. Mwalimu Kwani alikwenda kumwomba radhi, wakakaa getini saa nzima, na tangu hapo askari ndiye anayewauliza watoto swali hilo wakichelewa asubuhi.

Siku nyingine alikuja na kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Nikamwambia. Akasema kwani nani aliamua viatu lazima vifanane? Nikadhani ndiyo elimu hiyo. Mchana akaniambia kwa sauti ya chini kwamba umeme ulikatika wakati anavaa.

Sasa niseme lililonifanya nikubali kuandika, maana mdomo wangu mnaujua, lakini hili nimelifunga miaka tisa.

Alikuwa na utaratibu wake. Jumatatu kila mwanafunzi anaandika kwenye karatasi anachoamini kweli kuhusu swali la wiki, anaikunja, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye jina lake. Alhamisi anasimama mbele kutetea upande ambao haamini, na lazima autetee kwa nguvu zote, hakuna kutania. Akimaliza, kopo linafunguliwa, karatasi inasomwa, na darasa linaona mtu amesafiri umbali gani kutoka kwake mwenyewe. Aliwaambia kwamba usiyeweza kumsemea mpinzani wako hujamsikia bado. Wao walilijua hilo. Mimi sikulijua. Mimi nilikuwa napita tu na birika.

Miaka hiyo tisa iliyopita, katika darasa lake alikuwemo binti wa dada yangu, mimi ni mama yake mdogo. Alikuwa mwaka wa mwisho. Kimya nyumbani, lakini wenzake walisema akisimama kwenye chumba cha mwisho hata mwalimu anaacha kuandika. Alhamisi hiyo napita, nasikia sauti yake. Nikasimama dirishani, si unajua tena. Mtoto anasema, wima, macho makavu: "Mtoto hana wajibu wa kumtii mzazi. Kumzaa mtu siyo kumnunua."

Jamani! Sikungoja kopo. Hata sikujua kuna kopo. Saa tisa nimetoka kazini, saa tisa na nusu niko kwa dada, na hapo katikati nilishawasimulia watu wawili. Nilimwambia mwanao anafundishwa asikutii, nimesikia kwa masikio haya. Nikaongeza chumvi kidogo, kama mtu anavyoongeza.

Kesho yake dada alifika shuleni hajafunga vizuri hata kilemba. Nikaitwa kupeleka chai ofisini. Kwa hiyo nilikuwepo, nimeshika trei, Mwalimu Kwani alipoeleza utaratibu wake taratibu, na alipofungua kopo na kumnyooshea dada ile karatasi. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, maana dada hakuipokea: "Mama akiniambia kaa, nitakaa. Siyo kwa kuogopa. Kwa sababu nimemwona anavyoamka."

Dada alisema mtoto akishakamatwa anaandika chochote. Akasema aliyemwambia ni mtu wa uhakika, alisikia mwenyewe, hawezi kudanganywa na kikaratasi.

Mtu wa uhakika alikuwa amesimama hapo na trei. Ningesema neno moja tu. Dada, ni mimi niliyekosea, nilisikia nusu. Lakini mwalimu mkuu yupo, mwalimu yupo, na mtoto mwenyewe yupo kwenye kona ananiangalia kama mtu wa kumsaidia. Nikaona aibu. Nikauliza nani anataka sukari.

Mtoto aliambiwa atoke darasa la falsafa, miezi mitano kabla ya mtihani, ahamie biashara. Mwalimu Kwani alimwomba dada mara tatu. Mtoto hakuomba hata mara moja. Alisema sawa mama, akabeba daftari lake akatoka. Alitii. Mwalimu alibaki ameshika ile karatasi mkononi, na hapo kila aliyekuwemo ofisini aliona ukweli ulikuwa wapi, isipokuwa dada, ambaye alikuwa amekwisha kugeuka.

Maneno yakasambaa, na mnajua yalianzia kwa nani. Mwaka uliofuata wazazi kumi na moja waliondoa watoto wao. Darasa halikurudi tena kuwa kama zamani. Mwaka huu lilikuwa na sita, na hakuna mwalimu mpya anayekuja. Chumba cha mwisho kinafanywa stoo ya kompyuta. Nimeshaombwa nikifagie.

Yule binti ni mtu mzima sasa, yuko kaunta kwenye duka la dawa, kazi nzuri, anaheshimika. Ila ukimuuliza lolote, rangi ya pazia, mchumba, siasa, anakwambia mnavyoona nyinyi. Mtoto aliyekuwa anamnyamazisha mwalimu. Kila akisema hivyo mimi naangalia chini.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mwalimu Kwani chai, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Aliinywa ikiwa ya moto, mara ya kwanza katika miaka ishirini na nane. Kisha akasema: "Nilijua, mama. Nilikuona dirishani."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile ofisini.

"Kwa sababu na mimi nilikuwa na langu," akasema. "Nilikuona umesimama na birika, nikaendelea na somo. Ningekwambia ingia ukae, ungesikia mpaka mwisho. Miaka yote hiyo nawaambia watoto wawasikilize watu, na aliyekuwa anapita mlangoni kila siku sikumuuliza anaonaje."

Nilimwambia asijitwike mzigo wangu, una mwenyewe. Tukabishana, mimi na yeye, kila mmoja anavutia kosa kwake, mpaka kengele ikalia. Ndiyo somo langu la kwanza la falsafa, na limekuja wakati mwalimu anafunga virago.

Juzi nimemwambia dada. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja, shati moja akalikunja mara tatu.

Aliyebaki kuambiwa ni mmoja, na amealikwa leo pamoja na wanafunzi wa zamani. Atakuwa ameshika kijitabu hiki. Mwanangu, aliyekutoa kwenye kile chumba si mama yako. Ni mimi, mama yako mdogo, nilisikia nusu nikaipeleka kama nzima, na nilipopata nafasi ya kusahihisha niliuliza habari za sukari. Naomba unisamehe, lakini usiniambie sawa. Baada ya sherehe niko jikoni. Njoo unigombeze kwa hoja zako zote, hata ukichukua jioni nzima. Nimemwomba na mwalimu wako asiondoke mapema, akae asikie.

Na wewe Mwalimu Kwani, ahsante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa watoto waliojifunza kwako kuuliza bila kutukana, na kwa siri ya mtu uliyoibeba bila kuombwa. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku ndefu zisizo na kengele. Ukitukumbuka, pita jikoni. Safari hii kaa kitini, chai nitakuletea, na mimi nitakaa pia.