Muuguzi Mkuu Arudia Mtihani

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja mwenye koti zito alikuwa akimlalamikia binti aliyevaa sare ya uuguzi. Walikuwa wamejuana kwa vituo viwili tu, lakini Kiswahili ugenini hakingoji utambulisho.

"Kwetu nilikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanangu. Huku naambiwa nifanye mtihani wa kumgeuza mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe mdoli!"

"Ukafeli, mama?"

"Nilimgeuza vizuri sana. Ila mtahini alikuwa amesimama tu, mikono mfukoni. Nikamwambia, wewe, hebu shika mguu huo."

Binti alicheka hadi machozi. "Umemtuma mtahini!"

"Wodini kwangu hakuna aliyesimama bure."

"Mama, leseni ya kuanzia huku ni ya muuguzi wa kusimamiwa, si wa kusimamia. Kesho ukirudia, omba, usiamrishe. Ukifeli tena, utabaki kulisha wazee uji mpaka wewe mwenyewe ulishwe."

"Hayo ya kuamrisha nimeyaacha. Siku hizi nimetulia kama maji ya mtungini."



Kituoni, babu mmoja mwenye mkongojo alikuwa hajamaliza kushuka, na dereva akaanza kuondoa basi.

"Wee dereva, simama hapo! Na wewe mwenye kofia, mshike mkono!"

Dereva hajui Kiswahili hata neno moja, lakini alizima injini. Mwenye kofia ni mimi. Nilishtukia nimeshika mkono wa babu, nikijibu, "Ndiyo, sista."