Jalada la Kyule

Katika matatu ya kutoka Wote, kijana mmoja alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi kando yake vitabu viwili vya katuni za anga. Hadithi ni ileile, alisema, lakini jalada hili la roketi juu ya vilima vya Kilungu ni nadra. Mimi sikuulizwa.

“Hiyo alichora ndugu yangu Kyule,” mama akasema. “Alinipea jalada moja. Nikafunikia kitabu cha nyimbo, picha nikageuza ndani, watu wa kanisa wasione.”

“Si uibandue tu, mum?”

“Niliweka gundi. Itararuka.”

“Ukiiweka kwa mvuke haitararuka.”

Walibishana hivyo hadi Kilungu, nami nikiwa upande wa mvuke. Matatu iliposimama, mama alishuka na kitabu chake cha nyimbo kifuani.

“Mvuke ni wa kesho, kijana. Leo tunamzika Kyule, na nitaimba na hiki.”