Siku Walipopima Damu Changa

Mama zangu na dada zangu, asalaam aleykum. Sikuzoea kusema mbele ya watu, basi nivumilieni.

Nilipojifungua binti yangu, badala ya kupata nguvu nikazidi kwisha. Ngazi za nyumba yetu hapa Mji wa Kale nilizipanda nikipumzika katikati. Vidonge vya kuongeza damu nikameza, bitiruti nikala hata meno yakawa mekundu. Wapi! Nikaanguka Marikiti nikichagua ndizi, wachukuzi wakanibeba hadi kwenye tuk-tuk.

Hospitalini nikaongezewa damu. Ikapanda, ikashuka tena. Nikalazwa. Mtoto akabaki na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, maana wodini watoto hawaruhusiwi.

Ndugu zangu, nawaambia, si maradhi yaliyoniliza. Ni maziwa. Nikisikia mtoto wa mtu akilia nje, kifua chanichuruzika, na wa kunyonya hayupo. Nikaomba niletewe shuka yake, nikawa nalala nayo usoni. Harufu yake ikaisha. Kisha na maziwa yakakauka.

Ndipo daktari mmoja akaniambia, "Mama, nataka tupime chembe changa za damu."

"Changa vipi?"

"Chembe nyekundu zilizozaliwa juzijuzi. Zikiwa nyingi, mwili watengeneza damu ila yapotea mahali. Zikiwa chache, utengenezaji wenyewe umelala."

Zikawa chache mno. Vipimo vingine vikaonyesha nimepungukiwa vitamini, wala si madini ya chuma yaliyomo kwenye vile vidonge nilivyokuwa nikimeza. Nikaanza kudungwa sindano.

Wakapima tena baada ya wiki. Damu kwa jumla ilikuwa bado chini, lakini daktari alikuja akicheka. "Changa zimejaa, mama. Utarudi kwa mwanao."

Nikarudi. Binti yangu akanitazama, akaficha uso shingoni mwa nyanya yake.

"Mpe muda, mwanangu," mavyaa akasema. "Kila siku nalimwambia, 'Mamako yuaja.'"

Namshukuru yeye, nawashukuru wauguzi, na nyinyi mlioniombea dua na kunipikia uji. Dada, ukiona kizunguzungu hakikwishi, usijitibu kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe, na uulize kama damu yapotea au haitengenezwi.

Ile miezi ya kumnyonyesha niliyoikosa nikiwa wodini naitamani hata leo; hairudi. Lakini jana mtoto alijikwaa barazani, akalia. Nyanya yake akainama kumwinua. Mtoto akakataa. Akaninyoshea mimi mikono.