Faili Ambalo Nesi Mwanaheri Alikataa Kulibadilisha

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo. Tunamkumbuka Nesi Mwanaheri Shemboko, mkunga, aliyezikwa Jumatano kijijini kwao, Mlola. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkunga. Mama akishikwa na uchungu, Mwanaheri alimsemesha Kisambaa polepole, mpaka anatulia.

Miaka sita iliyopita, kwenye kituo alichofanyia kazi, aliletwa mama mmoja mjamzito, Asha. Alifika saa tatu asubuhi. Saa tano damu ikaanza kumtoka. Mwanaheri alimpigia mfawidhi, mkuu wa kituo, aruhusu gari la wagonjwa. Mfawidhi alikuwa kwenye duka lake la dawa, akachelewa kuruhusu. Gari liliondoka saa tisa alasiri. Mtoto alipona. Asha alifia njiani.

Kesho yake mfawidhi akamwita ofisini.

"Badilisha faili la Asha. Andika alifika saa tisa, hali mbaya tayari."

"Alifika saa tatu," Mwanaheri akasema. "Nilimpokea mimi."

"Unataka kituo kizima kiumbuke?"

"Saa tatu, bosi. Sibadilishi."

Hakubadilisha. Akaenda kwa Yusufu, mume wa Asha, akamweleza yote. Yusufu alikuwa ameshaambiwa vingine na wenzake wa kituoni, akamfukuza.

Wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyemfukuza kazi. Walimnyamazia tu. Akiingia chumba cha chai, wenzake walitoka. Zamu ngumu zote zikawa zake. Mdogo wake, Hidaya, anasimulia: "Alikuwa akirudi anakaa jikoni na sare yake. Namuuliza, dada, umekula? Anasema, sijui. Hakulia. Afadhali angelia."

Hata mtoto akizaliwa salama, hakutabasamu tena. Alimfunga kitovu, akamfuta, akamkabidhi kwa mama yake. Kazi yake haikuwa na dosari. Yeye mwenyewe ndiye hakuwepo.

Mwaka jana alikuja mfawidhi mpya, Dokta Imelda. Alisoma mafaili ya zamani, akaita kikao, akasema mbele ya wote, "Dada Mwanaheri, uliandika kweli. Tulikukosea. Tusamehe."

Mwanaheri akajibu, "Nimesikia." Akarudi wodini. Jioni Hidaya akamuuliza amejisikiaje. "Sijasikia kitu," akasema. "Nilidhani nitafurahi."

Jumatatu alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Jumanne akafariki.

Yusufu alikuja mazikoni. Aliweka udongo kaburini, kisha akamwambia Hidaya, "Wote walinidanganya, akasema kweli yeye peke yake. Na mimi nikamfukuza. Nilikuwa nikipita pale kituoni kila siku ya gulio. Sikuingia."

Kwa Hidaya, kwa ukoo wa Shemboko, kwa wahudumu wote wa kituo kile, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nasi tutafakari. Huenda kazini kwako yupo aliyesema kweli, akabaki peke yake. Unamjua. Mwendee leo, angali anaweza kufurahi ukimwendea.